Simu ya mtoto, siri za watoto wa wenzetu

Laini ya kijana wangu imesajiliwa kwa jina langu. Hajafika miaka 18, kitambulisho cha NIDA hana, kwa hiyo alama za vidole alizochukua wakala ni zangu mimi. Bando nanunua mimi. Kioo kilipopasuka nililipa mimi. Kwa hesabu hizo baba yake anasema simu ile ni yetu, tuifungue na kuisoma tunavyotaka. Hapo ndipo tunaposhindwana.

Juzi nilikuwa Kariakoo na wifi yangu, tunatafuta kava na chaja. Pale Mtaa wa Aggrey wifi akamuuliza fundi, tena bila kushusha sauti, "Kaka, mzazi akitaka kuona meseji za mwanawe inakuwaje?" Fundi hakuinua hata macho, alikuwa anabandua kioo kwa kucha, taratibu. "Rahisi, dada. Unamuomba simu kidogo, unaingia WhatsApp yake, unaunganisha na simu yako. Unaskani tu. Kinachoingia kwake unakiona na wewe."

"Na yeye hajui?"

"Asipoingia kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, hatajua."

Wifi akanigeukia kama mtu aliyeokota hela. Mimi nikalipia chaja. Huyo mtoto ndiye aliyenifundisha WhatsApp ya kompyuta ya kazini, hiyo orodha anaijua kuliko fundi. Ila hata angekuwa haijui, nisingekubali, na sababu yangu si hiyo haki ya mtoto ambayo watu wa mjini tunalaumiwa kwamba tumeiga. Ingawa, kwa faida ya mume wangu, ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano ya binafsi ya "kila mtu", haikusema kila mtu mzima. Nilipomwambia hivyo akaniuliza kama hiyo Katiba inanunua bando.

Sababu yangu nimeipata kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mzazi mmoja alikagua simu ya binti yake, akapiga picha za meseji zake, akazimwaga kundini usiku na maneno "wazazi amkeni". Matusi mawili matatu ya kitoto yalikuwemo. Lakini katikati yake kulikuwa na meseji ya mtoto mwingine kabisa, anamweleza mwenzake kwamba nyumbani kwao baba amehama na mama halali. Mtoto huyo wa pili hakuwa ameandika kwa ajili yetu, sisi watu wazima wote tuliokuwa kitandani na simu mkononi. Asubuhi picha zilikuwa zimefutwa, lakini nani alikuwa hajaziona? Tuisheni ya Jumamosi hakuonekana, na mama yake akajitoa kundini bila kuaga.

Tangu siku ile nikisikia "nakagua simu ya mwanangu" najiuliza, na watoto wa nani wengine? Mwanangu nimemzaa, nina la kumwambia nikimsoma. Wale rafiki zake waliomwamini hawajanipa ruhusa yoyote, na mama zao hawajui kama ninawasoma.

Sasa asije mtu kusema nimemwachia mtoto dunia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amlinde mtoto na hatari za mwili na za maadili, na mimi hilo nalitekeleza kwa ukali wa kutosha. Simu ina Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, na yeye anajua ipo, tuliiweka pamoja. Programu mpya haiingii bila mimi kuikubali, saa tatu na nusu usiku simu inajifunga, na akichelewa kutoka tuisheni naona kama bado yuko Tabata au ameshafika Buguruni. Meseji hainionyeshi, na ndiyo maana naipenda. Usiku simu zote zinachajiwa sebuleni, pamoja na ya baba mtu, ambaye siku za mechi za Yanga hugeuka kuwa mwanaharakati wa faragha.

La picha nililisema wazi, tumekaa mezani, bila kuzungukazunguka. Picha ya utupu ya mtoto, hata mwenyewe akiwa kaituma kwa hiari, ukiisambaza unaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ukitumiwa, usipeleke popote, njoo. Ukiona haya kuja kwangu, piga 116, ni simu ya watoto na ni bure. Alikuwa anaangalia bakuli la maharage muda wote, masikio mekundu, lakini namba aliirudia nilipomuuliza.

Halafu kuna bahasha. Hii niliibuni mwenyewe na naona fahari kidogo. Neno lake la siri ameliandika kwenye karatasi, tukaitia kwenye bahasha ya khaki, akasaini juu ya gundi. Iko kabatini na vyeti vya kuzaliwa. Inafunguliwa akipotea, au akiwa mgonjwa wa kushindwa kuongea, au tukiwa na ushahidi kwamba kuna mtu anamtishia au anamdai kitu. Baba yake alitaka kuongeza "akishuka darasani". Nimekataa. Akishuka darasani tutafungua madaftari.

Kijana alisoma masharti yote kama wakili, kisha akasema naye ana lake. "Mama, na wewe usiniweke status bila kuniuliza." Nikamuuliza status gani. Akazitaja: ripoti ya muhula, ile picha ya kunyolewa, na ile ya hospitali yuko na dripu, niliyoandika "tumwombee". Shangazi zake wa Tanga waliiona, madereva wa bodaboda wa mtaani wenye namba yangu waliiona, na mwalimu wake wa hesabu akampa pole mbele ya darasa.

Nikamwambia ripoti nzuri mama lazima ajisifu kidogo. Akasema hapana. Tumevutana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikakubali yote isipokuwa siku ya kuzaliwa, nayo picha nachagua mimi, anaipitisha yeye.