Kigari kimepanda mchanga wa Shela, makasia nimeyatundika

Kimepanda! Jumamosi alasiri, kigari changu cha rimoti kimeupanda ule mwinuko wa mchanga nyuma ya ufuo wa Shela, kisiwani Lamu, hatua zangu kumi na mbili toka chini hadi ukingoni, bila kusukumwa kwa mguu. Mara tatu mfululizo. Mara ya nne betri ikaisha katikati ya njia nami nikashukuru, maana vidole vilikuwa vinatetemeka kwenye rimoti.

Kigari ni cha kipimo cha 1:10, yaani moja ya kumi ya gari la kweli, kinachosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, mota ya brashi, betri ya seli mbili. Na kabla sijaulizwa: sichezi juu ya vilima vyenyewe, vile vyenye majani. Vilima vile ndivyo ghala la maji matamu ya mji wa Lamu, havitaki fujo. Mimi nacheza pembeni, pale ambapo punda na wageni wamekwisha kupakanyaga.

Kwa wiki sita niliapa kwamba shida ni nguvu. Kigari kinaanza vizuri, kinakula hatua nne, pua inainuka, nyuma inachutama, halafu kinajichimbia kaburi lake mwenyewe hadi tumbo likae juu ya mchanga na magurudumu yazunguke bure. Nikajiambia: ni tairi. Nikaagiza tairi za makasia, zile zenye mbavu nene zilizosimama kama makasia ya mtumbwi. Zilikuja na basi kutoka Nairobi hadi Mokowe, zikavuka na boti. Bei siitaji, mke wangu husoma ninayoyaandika.

Za zamani zina kipenyo cha milimita 112, hizi mpya 126. Ukiongeza kipenyo hivyo ni sawa na kuipa mota gia nzito zaidi, kwa hiyo nikateremsha pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, kutoka meno 18 hadi 16 ili hesabu irudi palepale. Mota haikuchemka hata kidogo, nikajiona mhandisi. Nikaenda Shela. Hatua tatu. Tatu! Tairi za zamani zilikuwa zinafika nne.

Nilipiga magoti nikaangalia njia kiliyoacha. Chini kabisa, alama mbili safi. Mbele kidogo, mitaro miwili yenye kuta zilizosimama, na ndani yake mchanga wa chini, ule mbichi wenye rangi ya giza. Kigari hakikuteleza. Kilichimba. Kasia linataka kasi: mota ikizunguka haraka, mchanga unarushwa nyuma na gari linaelea kabla halijapata nafasi ya kuzama. Mota yangu inapiga kasia polepole kama mzee anayechimba kisima, na kila pigo ni kina kimeongezeka.

Badala ya kukubali, nikahamia kwenye shokapu. Nyuma inachutama, basi nikatoa mafuta ya silikoni ya uzito wa 30 nikaweka ya 50. Hakuna kilichobadilika, na ningetumia akili ningejua mapema: mafuta mazito hayazuii gari kuchutama, yanachelewesha tu. Anayebeba uzito ni springi. Nikaongeza vibanio vya milimita 6 juu ya springi za nyuma. Shokapu za mbele nikazifungua, nikatia kipande kifupi cha mrija wa plastiki ndani, kati ya pistoni na sili, zisinyooke sana pua isiruke. Hapo pua ikatulia. Kigari sasa kikawa kinazama kwa adabu, kikiwa kimekaa sawa.

Kwa wanaoanza kufungua shokapu, mafuta ya cherehani msiguse. Nilijaribu mwaka jana, sili zikavimba kama maharage yaliyolowekwa, pistoni ikagoma kushuka. Na wenye vigari vya Kijapani, tafuteni bisibisi ya JIS, yaani ya kipimo cha Kijapani. Ile nyota ya kawaida inaingia kwenye skrubu za vigari vya Tamiya, unadhani imekaa, kumbe haijakaa, na ukikaza unakula kichwa. Kwa alenki nunua yenye mpini, ya milimita 2. Zile za umbo la L zinazokuja bure ndani ya boksi zinafaa kuchokolea meno.

Turudi. Kwa hasira nikarudisha tairi za zamani, pinioni nikaiacha kwenye 16 kwa uvivu. Tairi ya nyuma ya kushoto ilikuwa imekunywa maji ya chumvi siku za nyuma, sponji ya ndani imekuwa tope linalonuka. Nikaichemsha pamoja na rimu yake dakika kumi ili gundi ilegee.

“We bwana, hiyo si sufuria yangu ya maziwa?”

Ilikuwa. Nimenunua nyingine.

Sponji nikaitupa, na kwa kuwa sikuwa na nyingine nikaivalisha tairi tupu, supagluu kidogo pembeni, nikaenda Shela kujaribu tu hizo springi. Kigari kikala hatua saba, kisha kikageukia kulia. Nikajaribu tena: saba, kulia. Nikalala kifudifudi kwenye mchanga kukitazama kwa karibu. Tairi ya kulia, yenye sponji ngumu ya kiwandani, ilikuwa duara kamili na imezama hadi rimu. Ya kushoto, tupu, imejilaza bapa kama andazi lililokaliwa, upana wake chini umekuwa karibu mara mbili, na imekaa JUU ya mchanga. Madereva wa magari makubwa hutoa upepo wakiingia mchangani, kila mtu analijua hilo. Mimi nimelijua miaka yote, na sikuwahi kufikiri kwamba sponji ndiyo upepo wa tairi zangu.

Tupu kabisa haifai, kwenye kona tairi inajikunja na kutaka kuvuka rimu. Nilichofanya: sponji mpya laini, nikapunguza milimita 5 kuzunguka nje kwa mkasi, kisha nikakata pembe tatu ndogo kwenye kingo zote mbili, moja kila sentimita 2. Ukibonyeza tairi kwa kidole gumba inashuka taratibu, ukiachia inarudi. Hatua kumi siku ya kwanza.

Zilizobaki mbili zililiwa na mchanga wenyewe. Tairi ikijilaza inapumua kwa nguvu kupitia vitundu vya rimu, ikivuta pumzi inavuta na mchanga wa Shela, ambao ni laini kama unga. Nilipoitikisa ikalia kama kayamba. Kuziba vitundu ni kurudi kwenye tairi ngumu. Nikajaribu kitambaa cha chandarua, mchanga ukapita kana kwamba umealikwa. Kwa fundi cherehani pale Langoni nikaokota mabaki ya kitambaa cha shela ya bibi harusi, kile chepesi kilichofumwa kwa karibu. Nikakata duara nne, nikabandika ndani ya rimu juu ya vitundu. Hewa inapita, mchanga unabaki nje. Shela imezuia Shela. Hapo ndipo kikapanda.

Kazi iliyofuata ingekuwa kufunga shokapu za alumini. Ziko ndani ya boksi, sijakata hata utepe. Kilichotokea ni kwamba ami mmoja, fundi wa mashua, alikuwa amekaa kando akinitazama napanda na kushuka, mwishowe akaniuliza, “Mwanangu, na kusi yote hii, wachoma betri ya nini?”

Nimetafuta ufito wa sentimita 70 kwa mlingoti, mwingine mwembamba kwa foromali, mti wa kushikia tanga, na gunia la sukari la kushonea tanga. Rimoti itabaki na kazi ya usukani na kamba ya demani, ile ya kuvuta na kulegeza tanga, kwa hiyo nahitaji sevo ya pili, kile kimota kinachotii rimoti. Nasubiri bamvua, maji yatoke mbali, ule mchanga mgumu uwe wazi.