Fremu ya Mbuyuni imeninyima usingizi

Jamani hii fremu yangu mpya ya duka karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi, ni mita 4 kwa 9, ndefu kama behewa, na fundi wa shelfu kila siku ananiuliza dada tunapangaje, mi nabaki kukodoa macho.

Kwanza nlitaka mistari mistari kama supamaketi, mteja anazunguka anajichukulia mwenyewe, ule mtindo ulioanza na duka la Piggly Wiggly kule Memphis, Marekani, mwaka 1916, maana zamani ulikuwa unasimama kaunta unaagiza, yaani kama duka la Mangi tu mpaka leo. Ila kwa mita 4 ukiweka shelfu mbili katikati watu hawapishani, na mama mwenye mtoto mgongoni ndo kabisa.

Ule wa IKEA, yale maduka makubwa ya fanicha, wa kumpitisha mtu njia moja mpaka aone kila kitu? Hapana, mtu kafuata sabuni ana haraka ya daladala we unamzungusha, harudi tena huyo.

Nimeishia shelfu ukutani pande zote, katikati meza fupi ya ofa, sukari na unga nimesukuma mwisho kabisa ili ukifuata sukari upite kwenye vyombo kwanza (mnadhani kwa nini maziwa supamaketi yanakaaga nyuma huko). Mlangoni nimeacha wazi kidogo, mtu akitoka juani haoni kitu mwanzoni. Kaunta kushoto, naona mlango na kona zote.

Fundi kasema kesho saa mbili. Akichelewa tena natafuta mwingine.