Unguja kwa mfuko wetu

Skuli zimefungwa, nikawatoa wanangu watatu Pemba kwenda kutembea Unguja. Boti ya Mkoani ikatushusha bandari ya Malindi, hapo hapo Unguja, na mke wangu tayari ana wasiwasi: "Baba Asha, hoteli za Mji Mkongwe si zetu hizo."

Kweli, si zetu. Tukapata chumba Mlandege: feni moja, vitanda viwili, na mwenyewe (Mungu ampe kheri) akaturuhusu tutandike godoro chini. Teksi hatukupanda hata mara moja. Gari nambari 502 hadi Bububu, watoto wakaogelea mpaka vidole vikakunjamana.

Jioni kwa miguu Forodhani, urojo na juisi ya miwa. Mdogo akalilia pweza. Nikauliza bei, nikamkumbusha babu yake ni mvuvi.