Alama ya muda badala ya kufuli: miamala inavyopangwa, na inapovunjika

Kwenye hifadhidata, muamala ni kundi la kusoma na kuandika linalokamilika lote au kuachwa lote. Miamala ikigongana, wengi tumezoea kufuli: muamala unaotaka rekodi unaifunga, mingine inasubiri. Kwenye alama ya muda hakuna kufunga. Kila muamala unapewa namba unapoanza, na namba hiyo ndiyo inayoamua nani kamtangulia nani. Kwa kuwa hakuna kushikiliana rekodi, miamala miwili haiwezi kukwamana milele. Ila ukikutwa umechelewa husubirishwi. Unavunjwa na kuanza upya.

Kila rekodi hubeba namba mbili: ya kusoma, yaani namba kubwa kuliko zote za miamala iliyoisoma, na ya kuandika, yaani ya muamala ulioiandika mwisho. Ukitaka kusoma, namba yako isiwe ndogo kuliko ile ya kuandika. Ukitaka kuandika, isiwe ndogo kuliko yoyote kati ya hizo mbili.

Tuseme akaunti ina shilingi 50,000 na namba zote mbili ni 0. Muamala 10 unatoa 30,000. Muamala 20 unaweka 15,000. Wa 10 unasoma 50,000, namba ya kusoma inakuwa 10. Wa 20 nao unasoma 50,000, inakuwa 20. Sasa wa 10 unataka kuandika 20,000. Unakataliwa, kwa sababu 10 ni ndogo kuliko 20: kuna mwenzake wa baadaye aliyekwisha kusoma salio la zamani. Wa 20 unaandika 65,000 bila shida. Ule uliovunjwa unarudi na namba mpya, 21, unasoma 65,000 na kuandika 35,000, ambayo ndiyo hesabu sahihi. Ungerudi na namba ileile 10, ungekataliwa tangu kwenye kusoma, na ungekataliwa kila ukirudi.

Kanuni ya Thomas (1979) inapunguza uvunjaji. Kama umechelewa kuandika, na mwenye namba kubwa kuliko yako ameshaandika bila mtu wa baadaye kusoma, andiko lako linarukwa kimyakimya nawe unaendelea. Hapa wengi huteleza: kama yule mwandishi wa baadaye hajathibitisha (yaani hajakamilisha muamala wake rasmi), kisha akavunjwa, andiko lako limepotea bure. Kwa hiyo rekodi inahitaji pia alama ya “imethibitishwa”, na asomaye au aandikaye juu ya data isiyothibitishwa inabidi angoje. Kusubiri kunarudi, na kwa kuwa mwandishi aliyechelewa anaweza kumngojea mwenye namba kubwa, duara la kukwamana linaweza kupatikana tena.

Kwangu mimi udhaifu mkubwa uko kwenye namba ya kusoma. Inageuza kila usomaji kuwa uandishi, hata ripoti inayopitia rekodi milioni. CockroachDB, hifadhidata inayoendeshwa kwenye seva nyingi, huiweka kwenye memori badala ya kuibandika kwenye rekodi. Pia haikimbilii kuvunja: muamala ukikuta data imesomwa na wa baadaye, alama yake husogezwa mbele, kisha hukaguliwa kama vitu ulivyosoma mwanzo havijabadilika katikati. Vikiwa vimebadilika, programu yako inaweza kupata kosa 40001, lenye maana kwamba muamala umegongana na mwingine na urudiwe.

Namba zitoke wapi? Kwa seva moja, kaunta (hesabu inayopanda moja moja) inatosha. Saa ya mashine usiiamini peke yake, maana inaweza kurudishwa nyuma inaporekebishwa. Penye seva nyingi, ongeza namba ya nodi (yaani ya seva husika) mwishoni ili mbili zisifanane, na chunga tofauti ya saa. Nodi yenye saa iliyo nyuma, miamala yake itavunjwa mara kwa mara. Iliyo mbele inaacha namba kubwa za kusoma zinazovunja miamala ya wenzake. CockroachDB kwa chaguo-msingi inavumilia tofauti ya milisekunde 500. Spanner, hifadhidata ya Google, inangoja hadi shaka ya saa ipite ndipo itangaze kwamba muamala umekamilika.

Upande wa programu, muamala wote uwe ndani ya kitanzi cha kurudia: ukipata 40001, anza upya tangu kusoma, si tangu kuandika. Kabla ya kurudia subiri muda wa kubahatisha, mathalani milisekunde 10 hadi 50, na uuongeze maradufu kila unaposhindwa. SMS ya “umepokea fedha” isitumwe ndani ya kitanzi hicho. Muamala ukirudiwa mara tatu, mteja atapata ujumbe mara tatu. Iandike kwenye jedwali la ujumbe ndani ya muamala huohuo, itumwe na programu nyingine baada ya kuthibitishwa.