Jinsi Nilivyopunguza Maumivu na Kikohozi katika Karakana Yetu ya Ushonaji

Nilipokabidhiwa usimamizi wa karakana yenye cherehani 9 hapa Isevya, mjini Tabora, nilidhani tatizo letu ni uvivu, kwa kuwa kila ilipofika saa nane mchana kasi ya kushona sare za shule ilishuka na mafundi wawili watatu walikuwa wameshika viuno. Nikaketi siku nzima kwenye cherehani ya mama mmoja wa makamo, nikashona sketi za marinda. Kabla ya adhuhuri shingo ilikuwa imekakamaa, maana kigoda kilikuwa kifupi mno na mabega yalibaki yamenyanyuka muda wote.

Seremala aliongeza urefu wa viti na kuviwekea egemeo. Kikohozi kilikuwa na chanzo kingine: tulifagia kwa ufagio mkavu asubuhi, vumbi la pamba likapanda hewani watu wakiwa kazini. Sasa tunapiga deki jioni, na madirisha yaliyozibwa na marobota yamefunguliwa.

Lililonichukua muda kulibaini ni maji. Kwa sababu walilipwa kwa idadi ya nguo, mafundi walikwepa kunywa maji ili wasipoteze dakika za kwenda chooni, na baadhi waliugua maambukizi ya njia ya mkojo mara kwa mara. Hapo seremala asingesaidia. Nilimshawishi mwenye karakana (haikuwa rahisi) aweke ujira wa siku, pamoja na nyongeza kwa nguo zinazozidi. Mtungi ukawekwa mlangoni, na mapumziko yakawa ya lazima.

Wiki ya tatu mama yule aliniambia, "Mwanangu, jana nimelala bila kujichua dawa."