Maji ya mtungi na matumbo ya watoto

Mifereji ikikauka hapa mtaani Umoja, Nairobi, maji huja kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20. Ya kunywa nachemsha yote. Jirani yangu huzima jiko mara tu mvuke unapoonekana. Hapana, dada, ngoja yatokote kabisa, dakika moja nzima! Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo maji hutokota kwenye nyuzi kama 95 tu, lakini joto hilo linatosha kuua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo.

Kinachoniuma ni kuona maji hayo yakirudishwa kwenye mtungi uleule mchafu, kisha kila mkono unachota. Tafuteni ndoo yenye kifuniko na bomba.

Mtoto akiharisha, mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki kutoka zahanati. Pakiti ikikosekana usiku: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vipimo bapa. Mnyweshe kidogo kidogo, anayenyonya aendelee. Macho yakididimia, au ukiona damu kwenye choo, mkimbize hospitali usiku huohuo.