Wote Walisema Nipake Rangi: Nilivyouza Alfa ya Mzee

Mpwa wa mzee alisema nilipake gari la mzee rangi kabla ya kuliuza. Mtu wa gereji ya njia kuu akasema nipake rangi, tena yeye ndiye apake. Hata rafiki yangu wa Malindi anayefanya kazi Bergamo, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akanipigia: "Mwenzangu, gari kuukuu bila rangi mpya nani atalitazama?" Naandika haya ili wote watatu wasome. Ningewasikiliza, mzee angepoteza hela ambayo kwetu mtu hununua kiwanja na akabaki na ya kuchimba msingi.

Mimi si mtu wa magari. Niko Italia mwaka wa saba, na kazi yangu ni kumwangalia mzee mmoja katika mji mdogo kaskazini mwa Milano: dawa, chakula, daktari, na kubishana naye kuhusu chumvi kila siku ya Mungu. Walikwenda wengi kuomba kazi ile. Mimi nilipomwambia natoka Malindi, mzee aliinuka kitini akasema kwa Kiswahili, "Ngomeni! Lete spana!" Kumbe alikuwa fundi kule San Marco, kwenye ile mitambo ya Waitaliano ya kurushia roketi iliyosimama baharini, na aliiona kwa macho yake setilaiti ya Uhuru ikiruka tarehe 12 Disemba 1970. Kiswahili chake chote ni cha kazini: lete, shika, pole pole, hapana hapo. Na mshahara wa Ngomeni ndio uliomnunulia gari.

Gari lenyewe ni Alfa Romeo GT 1300 Junior la mwaka 1972. Wajuzi huliita Bertone, kwa sababu umbo lake lilichorwa na Giugiaro, mchoraji wa magari, akiwa kijana katika karakana ya Bertone, na ndugu zake wa kwanza walitoka 1963. Lilikuwa kwenye boksi, ndivyo Waitaliano wanavyokiita chumba cha kuegeshea gari, limefunikwa mablanketi mawili ya kitandani. Mimi kwa miaka sita nilikuwa nikilipita kwenda kutoa viazi. Sikuwahi hata kufunua.

Mzee alipokwenda kwa daktari kutaka leseni yake iongezwe muda akakataliwa, alikaa siku tatu hasemi. Siku ya nne akaniambia, "Mama, uza. Wewe uza, si mpwa." Basi.

Nilianza kwa ujinga. Mpwa alikuwa ameshanijaza maneno kwamba chuma chakavu hicho, wakikupa elfu nane au tisa shukuru Mungu. Nikapiga picha tatu kwa simu, moja ikiwa na kamba ya nguo na soksi za mzee zinaning'inia nyuma ya gari kama bendera, nikaandika euro 9,000, nikatuma tangazo saa mbili na robo usiku. Saa mbili na nusu nilikuwa nimepokea simu kumi na moja. Nikacheza peke yangu jikoni! Nikajiona mimi ni tajiri wa soko la Kongowea, kipaji nilikuwa nacho siku zote ila kilikosa bidhaa. Simu ya kumi na mbili ndiyo iliyonizindua. Mwanamume, sauti ya chini: "Naja usiku huu huu na lori la kubebea. Nalipa taslimu, yote. Usimwonyeshe mtu mwingine."

Kwanza, sheria ya hapa hairuhusu watu kulipana taslimu euro elfu tano na kuendelea. Hilo nalijua mpaka mimi. Pili, mimi nimekua sokoni, mama yangu aliuza samaki. Mteja akikubali bei bila kukuomba hata shilingi, jua wewe ndiye uliyepunjwa. Nikalitoa tangazo, nikazima simu, nikalala macho makavu. Ile namba iliendelea kupiga wiki nzima.

Aliyeniokoa ni jirani wa ghorofa ya chini, fundi mstaafu aliyekula umri wake kiwandani Arese, mahali gari lenyewe lilikoundwa. Alikuja na kitochi, kipande cha sumaku ndani ya soksi ya mtoto (ili kisikwaruze), na kijimashine kama redio ndogo cha kupima unene wa rangi. Akawa anakigusisha kwenye bodi kama daktari anayesikiliza kifua. Paa, mikroni 110 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Mlango wa kulia, 105. Boneti, 120. Buti, 115. Kila akigusa ananong'ona, na mimi nilidhani anasali. Alipofika ubavu wa nyuma kushoto, kijimashine kikasoma 340. Akanitazama kama mimi ndiye niliyegonga.

Mzee, pale kitini kwake mlangoni, akasema bila kuulizwa: "Nguzo ya kanisa. 1981. Mke wangu."

Hapo ndipo nilipoeleweshwa. Mikroni mia na kidogo ni rangi ya kiwandani. Gari hili lilikuwa bado limevaa rangi ile ile lililotoka nayo Arese, ile nyeupe ya maziwa wanayoiita biancospino, isipokuwa pale kwenye nguzo ya kanisa palipopigwa puti. Magari ya namna hii yaliyopakwa upya yako mengi, na rangi mpya huficha mengi: puti, kutu, mabati ya kuunga. Lililobaki lilivyo wanaliita conservato, na mwenye kulitafuta huwa tayari kuongeza pesa. Kule kung'aa mpwa alikokutaka kungefuta ushahidi wote kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa gharama ya euro elfu kadhaa. Nilijisikia kama mtu aliyetaka kuusugua mlango wa Lamu kwa msasa ili uonekane mpya.

Nililiosha kwa maji na sabuni laini, basi. Viti vya ngozi ya bandia nilivifuta kwa kitambaa chenye unyevu. Kuamsha injini kulikuwa kazi ya fundi. Gari lilikuwa halijawashwa miaka minne, na alinikataza kugusa ufunguo mpaka amalize mambo yake ya petroli, plagi na mafuta. Ilichukua siku mbili na vikombe vya kahawa visivyo na idadi. Lililomtoa jasho ni hendibreki, iliyoachwa imevutwa miaka yote hiyo ikashikana kule ndani. Kwa hiyo kama unaegesha gari la muda mrefu, liwekee jiwe kwenye tairi na uiachie hendibreki. Mzee alicheka: "Pole pole! Hapana hapo! Nyundo ya mpira!"

Sasa nije kwenye aibu yangu kubwa.

Mnunuzi wa kwanza wa kweli alitoka Torino na mwanawe. Tulikuwa tumepanga saa nne asubuhi. Mimi, kwa mapenzi yangu, nikataka gari lisinitie aibu mbele ya wageni. Niliamka saa kumi na mbili, nikaliwasha, likakohoa, likatulia, nikaliacha lingurume nusu saa nzima. Nikazima. Nikafungua milango harufu itoke. Nikafuta hata bomba la moshi kwa karatasi ya jikoni! Saa tatu nikaliwasha tena kidogo, kama mtu anayepasha mchuzi. Nikavaa vizuri.

Yule baba alifika, akasalimia kwa heshima, hakutazama rangi, hakutazama viti. Alienda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya boneti, kama mama anavyompima mtoto homa. Akakiacha pale. Kisha akaniuliza taratibu, "Signora, asubuhi hii umetoka nalo wapi?"

Nikasema, "Sijatoka nalo popote." Ni kweli tupu. Na ndilo jibu baya kuliko yote.

Alitabasamu. Alizunguka gari mara moja, akanywa kahawa, akasifu kahawa, akaenda zake Torino. Fundi nilipomsimulia alicheka mpaka akashika ukuta. Gari lililopashwa moto kabla mgeni hajafika ni gari linaloficha kitu: haliwaki likiwa baridi, au linatoa moshi mwanzoni, au lina mgongano fulani unaonyamaza injini ikishapata joto. Wanunuzi wote wazoefu wanalijua hilo. Kasoro mimi.

Tangu siku ile nilikuwa simwachii mgeni hata nafasi ya kuuliza. Nilimpa ufunguo wa boksi, afungue mwenyewe, afunue mablanketi mwenyewe, aguse boneti ikiwa baridi kama sakafu ya msikiti. Ndipo awashe yeye, si mimi.

Tangazo la pili nililiandika usiku kucha, na hapa ndipo ninapojivunia. Nilianza na ubaya. Lile lengelenge la kutu chini ya mlango wa kushoto nililipiga picha na sarafu ya euro moja kando yake ili ukubwa uonekane. Pale chini ya milango ndipo pabaya kwa magari haya, kuna mabati yamepandana na kutu huanzia ndani kuja nje, na mnunuzi mjuzi hupiga magoti hapo kabla ya kukuambia habari za asubuhi. Nikapiga ufa wa dashibodi wenye urefu wa kidole. Nikapiga zulia lililoliwa na kisigino cha mzee. Nikapiga kijimashine kikisoma 340, nikaandika: nguzo ya kanisa, 1981. Uzuri ukaja mwisho: vibao vya namba vya zamani, vyeusi, vyenye MI ya Milano kwa rangi nyeupe, ambavyo havijawahi kubadilishwa, mfuko wa spana wa kiwandani, na mkebe wa panettone, ile keki yao ya Krismasi.

Mkebe ule ndio uliouza gari, nasema ukweli. Mzee aliweka kila karatasi: risiti za matairi, za breki, za ukaguzi wa gari, kitabu cha matumizi, hati za umiliki tangu siku ya kwanza. Ukizipanga kwa tarehe, kilomita zinapanda ngazi moja moja bila kuruka, na hakuna wa kubisha. Kuhusu nambari ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, tuliituma kule kwa watunza kumbukumbu za Alfa, wakathibitisha tarehe ya kuundwa na rangi. Ilitugharimu kiasi, si haba, lakini nani anauliza. Mpwa alisema ni upotevu wa pesa, na hapo ndipo nikajua ni jambo la maana.

Bei mara hii niliandika 34,000. Simu kumi na moja za robo saa ziligeuka nne kwa wiki. Lakini wale wanne walikuwa watu.

Mmoja tu kati yao alinitia wasiwasi, alitaka kuja Jumamosi mchana na hundi ya benki, achukue gari siku hiyo hiyo. Jumamosi benki zimefungwa, nani atakuambia hundi ni ya kweli? Nikamwambia njoo Jumanne, saa tatu, tuonane ndani ya benki yako, niione ikiandikwa. Hakupiga tena.

Aliyelichukua ni daktari wa meno, mwanamke wa makamo, alikuja na baba yake mzee. Tukakubaliana elfu thelathini na mbili kasoro kidogo, baada ya kuvutana nusu siku kuhusu lile lengelenge. Benki, kisha ofisi ya kubadilisha umiliki, mzee akatia sahihi kwa mkono unaotetemeka, akakataa nimshikie karatasi.

Tuliporudi kwenye boksi yule dada akaomba mzee akae naye mbele wazunguke mtaa mara moja. Mimi nikapanda nyuma, magoti kifuani. Viti vya nyuma vya gari lile vilipangiwa wanasesere. Injini ilikuwa baridi. Alipotaka kuingiza gia ya pili, mzee akamshika kifundo cha mkono. Giaboksi ikiwa baridi ya pili inasaga, akamwambia, mpaka mafuta yapate joto. Toka moja, nenda tatu. Miaka hamsini alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi.

Alitushusha mlangoni. Baba na binti wakaondoka, mzee akasimama na mkongojo wake njiani, amegeuza lile sikio linalosikia. Gari likapanda kilima, likanyamaza kidogo, likashika tena.

"Tatu," akasema. Akaingia ndani kula.